Alama ya Mgonjwa

Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimeshafiwa na mtoto mara sijui ngapi, na mtoto ni yule yule. Msichana wa miaka sita, kapelekwa chumba cha upasuaji kwa sababu utumbo umepasuka, moyo ukasimama akiwa mezani. Mimi ni mama yake. Nakaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba chenye kitanda kisicho na mgonjwa, sinki lisilo na maji na pazia la kijani, mkoba mapajani, nasubiri daktari aje kuniambia. Kengele ikilia daktari anaingia, ananiambia, nalia. Kengele ikilia tena anatoka. Nafuta uso, naweka mkoba vizuri, na mtoto wangu anakuwa hajafa bado.

Hii ndiyo kazi yangu, usinicheke. Mgonjwa wa kuigiza. Chuo cha udaktari kinanilipa niumwe. Nimeumwa kichwa, nimeumwa mgongo, nimekuwa mlevi, nimewahi hata kupewa mimba na umri wangu huu, na daktari mtarajiwa akaniuliza tarehe ya hedhi ya mwisho bila kupepesa macho. Majirani wanajua tu kwamba nafanya kazi chuoni, wanadhani nafagia. Sijawasahihisha, maana kufagia ni kazi inayoelezeka.

Zamani wanafunzi hawa walikuwa wakipimwa kwa kuandika. "Eleza namna ya kumpa mzazi habari ya kifo cha mtoto." Wakaandika kurasa kwa kurasa, maneno matamu kama asali, wakapata alama zao, wakaenda wodini wakawatangazia watu misiba kwenye korido huku wanatembea. Ndipo akaja mkuu mpya wa idara, mama mmoja mfupi asiyependa mikutano mirefu, akasema basi, kuanzia sasa mtu hapimwi kwa alichoandika, atapimwa kwa anachofanya. Akaweka vyumba, kila kimoja kikiitwa kituo, akaweka kengele, akatuweka na sisi. Kisha akafanya jambo ambalo wahadhiri wenzake walilipigia kelele mpaka wakachoka: akampa mgonjwa alama yake. Mtahini anakaa pembeni na karatasi ya kuweka tiki: amejitambulisha, ameketi, amemtazama mama machoni, ameuliza kama kuna swali. Mgonjwa yeye ana swali moja tu la kujibu, kuanzia moja hadi tano: ungekubali mtu huyu akuletee habari mbaya siku nyingine? Ukimpa chini ya tatu ameanguka kituo hicho, hata kama mtahini kamjazia tiki karatasi nzima.

Swali hilo nililitoa mimi. Mkuu wa idara alituuliza waigizaji tukiwa kwenye chai, nikalisema mdomo umejaa mkate, akaliandika. Nilivimba kichwa wiki nzima, mjinga mimi.

Kuna na kanuni nyingine, nayo ndiyo inayotuchosha kuliko zote. Mgonjwa haelewi mpaka aambiwe. Mwanafunzi akisema "tumempoteza," namuuliza mmemtafuta wapi. Akisema "ametutoka," nauliza katoka kwenda wapi na ile drip mkononi. Neno lazima litamkwe, amefariki au amekufa, na mpaka litamkwe mimi natumaini. Si ukatili, jamani. Mtu aliyeketi na mkoba mapajani anasikia anachotaka kusikia. Ukimwachia upenyo wa sindano atapita humo na tumaini lake lote, halafu kesho nani atakwenda kumtoa?

Sasa mtoto wa dada yangu ndiye aliyekuwa akishindwa na neno hilo. Alishaanguka kituo hicho mara mbili, na safari ya tatu ukianguka unafungasha, chuo hakikujui tena. Si mjinga. Ana mikono mizuri, wagonjwa wa wodini wanamtaka yeye abadilishe vidonda vyao, wanasema haumizi. Tatizo lake ni adabu. Ndivyo tulivyomlea. Kwetu habari ya kifo haiingii mlango wa mbele, inapitia uani. Unapigiwa simu, mgonjwa kazidiwa, hebu njoo. Unafika unakuta viti vimepangwa nje, unajijua mwenyewe. Mtoto aliyekulia humo, utamwambiaje leo amkazie macho mwanamke mzima amwambie mwanao amekufa?

Nilimwambia mratibu wa mtihani asubuhi ile ile. Nikamwambia, mama, kuna mwanafunzi ni mwanangu, mtoto wa dada, nitoeni kituo hiki.

"Nikutoe nimuweke nani?" akaniuliza, macho mekundu, makaratasi kwapani. "Mwenzako kaamka na homa. Nimuweke mlinzi?"

"Lakini ni ndugu yangu."

"Hapa mjini nani si ndugu yako? Mtahini atakuwemo chumbani. Fanya kama kwa wengine, basi."

Nikarudi kwenye kiti changu. Dada naye alikuwa ameshanipigia simu siku iliyotangulia. Dada ni mshonaji. Tangu kijana apate nafasi chuoni, wateja wake wote wanamwita Mama Daktari, na yeye anaitikia kwa sauti ili na wa upande wa pili wa barabara wasikie. "Mdogo wangu," akaniambia, "mwanao ni kesho." Nikamwambia najua. "Sikuombi umwibie mtihani. Nakwambia tu, umwangalie." Nikamwambia nitamwangalia, nitafanya nini tena, nimewekwa pale kuangalia. "Wewe nawe!" akasema, akakata simu akicheka. Nilikaa na ile simu mkononi.

Basi wakaingia, mmoja baada ya mwingine. Yule aliyeniambia "naelewa maumivu yako," kijana hata ndevu hajaota. Yule aliyeniwekea mkono begani pale tu mtahini alipoinua kichwa, alipoinama akautoa. Yule aliyesema mtoto amefariki, pole sana mama, je, kuna jambo lingine ungependa kusaidiwa leo? Nikahisi niko kwenye laini ya simu nasubiri kuunganishwa. Nilimpa mbili, na mtahini, mzee mmoja daktari wa mifupa aliyekuwa akipiga miayo tangu asubuhi, akacheka kidogo puani.

Mwanangu aliingia baada ya chakula cha mchana, mwili wangu umeshakuwa mzito na machozi yanatoka yenyewe kama bomba bovu. Koti lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi na mama yake, mikunjo ile naijua. Hakunitazama kama mama yake mdogo, na hilo nilimsifu moyoni. Alijitambulisha. Akavuta kiti, akakaa karibu, akaniuliza mtoto wangu anaitwa nani. Siku nzima hakuna aliyeuliza jina la mtoto. Nikamtajia, akalirudia polepole, na mimi nikajipa moyo kwamba leo ndiyo leo.

"Mama," akasema, "mtoto wako alifika hapa akiwa na hali mbaya."

"Ndiyo, daktari."

"Tumejitahidi sana. Wote kule ndani wamejitahidi."

"Mungu awabariki."

"Sasa, wakati wa upasuaji… moyo wake ulichoka, mama."

"Ulichoka?"

"Ulichoka sana. Kwa hiyo ame… amepumzika."

"Afadhali," nikasema, maana ndivyo ninavyotakiwa kusema. "Usiku kucha hakulala, maskini. Ataamka saa ngapi? Nimemletea maziwa." Nikaanza kupapasa mkobani.

Aliutazama ule mkoba. Moyoni nilikuwa nampigia kelele: sema, mwanangu, neno moja tu, liteme lianguke chini tutaliokota wote. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Daktari, mbona unanyamaza? Mimi ni mtu mzima. Niambie tu." Hayo hayakuwa kwenye maelekezo yangu. Niliyaongeza mwenyewe, na mtahini aliinua uso akanitazama.

"Mama, ni mapenzi ya Mungu."

"Mapenzi yapi, baba? Si umesema amelala?"

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi na macho yamemjaa maji, na hayo hayakuwa ya kuigiza. Akanitazama kwa macho yale yale ya dada yangu, akanibinya vidole. "Usiwe na wasiwasi, mama," akasema. "Ataendelea vizuri."

Kengele ikalia. Akainuka, akatoka, na pazia likabaki linatikisika.

"Kijana mpole huyu," mzee wa mifupa akasema huku akijumlisha tiki zake. "Amekaa, ameshika mkono, kauliza na jina. Neno limemshinda, lakini kwangu kapita." Hakutakiwa kuniambia. Kisha akaiangalia karatasi yangu, bado nyeupe. "Mpe tatu twende, mama. Sote tumechoka."

Ni kweli nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka mpaka kalamu naiona nzito, na tatu ni tarakimu nyepesi, mkono unaizungusha wenyewe. Nani angejua? Mtahini mwenyewe ndiye anayenisihi. Damu nzito kuliko maji, na huyu nimembeba mgongoni akiwa na meno mawili mdomoni.

Lakini nisikilize. Mume wangu alipolazwa, muuguzi mmoja mwenye roho nzuri aliniambia mlangoni, "Amelala, mama, anaendelea vizuri, nenda kapumzike." Nikaenda nyumbani nikampigia pasi shati la kurudi nalo kutoka hospitali. Nililipiga pasi nikiimba. Jioni nikarudi nalo, limekunjwa vizuri kwenye mfuko, nikakuta kitanda kimetandikwa shuka safi na hakuna mtu. Alikuwa ameshakufa tangu pale nilipoambiwa amelala. Yule muuguzi hakuwa mtu mbaya, alinionea huruma tu, na mpaka leo sijamsamehe.

Ungekubali mtu huyu akuletee habari mbaya siku nyingine? Nikaandika moja. Kengele ikalia, akaingia msichana mmoja wa miwani, nikafiwa tena.

Matokeo yalibandikwa kesho yake mchana. Nilikuwa nimekuja kurudisha kitambulisho cha muda, nikamkuta kijana amesimama getini, koti kaliviringisha kalikamata kwapani kama nguo chafu. Alinisubiri mimi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba."

"Vituo vingine vyote nimepita," akasema. "Na hicho mtahini alinipitisha. Ni alama ya mgonjwa."

"Najua."

"Nilijua ni wewe kabla sijaona ubao."

Nilitamani akasirike, anitukane hata, lakini huyu mtoto hajui kutukana. Alikwaruza chini kwa kiatu. "Ulipotaja maziwa," akasema, "nikashindwa kabisa. Nikasema hata kama ni uongo, huyu mama asitoke hapa analia. Nilisahau kama ni mtihani."

"Na mimi nikampa daktari aliyenidanganya alama anayostahili. Sikuwa nakupima wewe."

"Ulikuwa unanipima mimi, mama mdogo," akasema kwa upole, na alikuwa amesema kweli.

Tukaanza kutembea kuelekea kwa mama yake. Njia ile kwa siku za kawaida ni fupi. Tukapita maduka ya vifaa vya ujenzi, tukapita fundi viatu. Simu yangu ikaita. Dada.

"Mbona kimya tangu asubuhi? Matokeo si leo?"

"Tunakuja, dada."

"Amepita?"

"Tuko njiani hapa. Tukifika tutaongea."

"Haya, njooni basi. Nimefunga kazi mapema, namngoja daktari wangu."

Nikaizima ile simu nikaona aibu peke yangu barabarani. Miaka yote hii nawafundisha watoto wa watu kusema, watoto wa watu nawaangusha kwa kutosema, na dada yangu mwenyewe nimemwambia tuko njiani. Kijana alinitazama kwa pembe ya jicho. Hakunicheka. Akasema tu, "Usimwambie kama ni wewe. Nitasema ni walimu. Hamtaelewana tena ninyi wawili, na mko ninyi tu."

Nakwambia ukweli, nilisikia nafuu, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Dada alikuwa kibarazani kwake, cherehani mbele, vipande vya vitambaa vimezagaa miguuni, tepu shingoni. Aliinuka akitabasamu. Kisha akatuona vizuri, tabasamu likabaki halijui liende wapi. "Karibuni," akasema. "Kaeni. Mbona mmenyong'onyea hivyo, jua?"

"Jua ni kali," nikadakia. "Dada, unajua mitihani ya siku hizi imebadilika sana. Si kama ile ya zamani. Wameleta mambo mapya, hata walimu wenyewe wanalalamika, sasa mtu anaweza akawa anajua kila kitu lakini…" Nilikuwa najisikia mwenyewe nikiongea. Maneno yanatoka tu kama uzi kwenye cherehani, na dada anaitikia kwa kichwa, anaitikia, anasubiri nifike.

Kijana akasogeza vitambaa pembeni, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mama yake mpaka magoti yakakaribia kugusana.

"Mama," akasema, "nimefeli. Ni mara ya tatu. Chuo kimenitoa."

Dada akanitazama mimi, kisha yeye. "Kurudia ni lini?"

"Hakuna kurudia, mama. Nimetolewa. Sitakuwa daktari."

Na hakuongeza kitu. Hakusema usijali, hakusema Mungu ana mipango yake, hakusema tutajua la kufanya. Alikaa pale pale anamtazama mama yake, mikono magotini, akamwachia muda. Loo, mtoto huyu! Hasira na huruma vimechanganyika, nikamwambia kimoyomoyo, jana ujasiri huu ulikuwa umeuweka wapi?

Dada hakulia. Alivua tepu shingoni, akaanza kuikunja, ikamshinda, akaiacha. "Watu wote hawa wananiita Mama Daktari," akasema. Wala hakuwa akituambia sisi. Kisha akauliza, "Nani kamfelisha?"

"Walimu, mama," kijana akasema haraka.

"Sijakuuliza wewe." Macho yake yalikuwa kwangu. "Wewe si ulikuwemo? Nani kamfelisha mwanangu?"

Maneno nilikuwa nayo, tele. Chuo. Kanuni. Mfumo mpya. Mtihani tu, dada, mambo ya mitihani unayajua. Yalijipanga mdomoni yote, matamu, na kila moja lingemfaa kwa siku hiyo. Nikamtazama kijana, akanikatalia kwa kichwa, kidogo sana: usiseme.

"Mimi, dada."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyemfelisha. Mtahini alimpitisha. Mgonjwa naye anatoa alama, na mgonjwa nilikuwa mimi. Ilitakiwa tatu. Nilimpa moja."

Nilitegemea kelele. Dada yangu ni mtu wa kelele, akipoteza sindano mtaa mzima unajua. Safari hii alinitazama tu, kwa muda mrefu, kama anayetafuta alinijulia wapi. Kisha akainuka, akachukua kile kitambaa anachofunikia cherehani, akaifunika, akakinyoosha pembe zote, akaingia ndani akarudishia mlango.

Mimi nikabaki nimekaa. Kijana naye alibaki kwenye kigoda chake. Watu walikuwa wakipita barabarani, mmoja akasalimia, "Mama Daktari yupo?" Kijana akamjibu yupo, amepumzika, arudi kesho. Yule akashukuru akaenda.

Baadaye sauti ya dada ikasikika kutoka ndani, inamwita mwanawe. Akaingia. Nikawasikia wakiongea, sauti ya chini, siwezi kusema nini. Alipotoka alirudishia mlango nyuma yake, akakivuta kile kigoda mpaka mbele yangu, akakaa karibu. Akanitazama machoni.

"Mama mdogo," akasema, "mama anasema uende. Na anasema usirudi tena hapa."

Nikangoja aongeze kitu, kwamba ni hasira tu, kwamba zitapita. Hakuongeza. Alikaa na mimi pale mpaka nilipoweza kusimama, akanisindikiza hadi barabarani, akarudi kwa mama yake.